Tembea hadi Ujiji bila kutoka mtaani kwako

Saa 12 asubuhi mama anamsindikiza mtoto kituoni kusubiri basi la shule. Anarudi, anafagia uwanja, anakwenda gengeni kufuata nyanya na vitunguu, akifika nyumbani anakumbuka amesahau mafuta, anatoka tena. Jioni akiulizwa kama anafanya mazoezi, anashangaa: muda huo autoe wapi?

Kumbe ameshatembea kilomita kadhaa. Ni kwamba hatua zake hazikuhesabiwa, hivyo hakuna aliyeziona, hata yeye mwenyewe.

Kwa watu kama yeye, kuna mchezo ambao umepata wafuasi wengi katika nchi mbalimbali: kutembea safari ndefu kwa hatua za kila siku. Mtu anachagua njia halisi iliyopo duniani. Kila jioni anaingiza kwenye simu umbali aliotembea katika shughuli zake, na alama yake inasogea kwenye ramani. Kampuni ya The Conqueror ya Uingereza huuza safari za aina hiyo, ikiwamo njia ya mahujaji ya Camino de Santiago nchini Hispania na hata Mlima Kilimanjaro. Anayemaliza hutumiwa medali nyumbani.

Medali hiyo inalipiwa. Wazo lenyewe ni bure, na familia inaweza kulifanya kwa karatasi na kalamu.

Chagueni njia yenu

Njia moja inayofaa ni ile ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, yenye urefu wa takribani kilomita 1,200. Inapita Mpwapwa na Tabora kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19, wapagazi waliitembea wakiwa na mizigo mabegani, na watu waliokamatwa utumwani waliswagwa kwa miguu kuelekea pwani. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Ujiji Novemba mwaka huohuo.

Familia yenu itatumia muda gani? Chukulia baba na mama wanatembea hatua 6,000 kila mmoja kwa siku. Hizo ni kama kilomita nne kwa mtu. Watoto wawili wakichangia kilomita tatu kila mmoja, nyumba nzima inapata kilomita 14. Kwa mwendo huo mtaingia Ujiji baada ya siku 86, yaani chini kidogo ya miezi mitatu. Mtu mmoja peke yake kwa kilomita nne atahitaji siku 300.

Wanaoona ni mbali waanze na Dar es Salaam hadi Morogoro, takribani kilomita 190. Kibaha, Mlandizi na Chalinze ni vituo vizuri vya kupumzika na kusherehekea.

Si lazima hatua 10,000

Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wamesikia kuwa bila hatua 10,000 hujafanya kitu. Namba hiyo haikutoka hospitalini. Ilipata umaarufu nchini Japani mwaka 1965, kilipoingia sokoni kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000.

Utafiti wa sasa unatia moyo zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet Public Health, ukiongozwa na Profesa Melody Ding wa Chuo Kikuu cha Sydney, ulionyesha kuwa watu waliotembea hatua 7,000 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa mapema kwa asilimia 47, wakilinganishwa na waliotembea 2,000. Hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari aina ya pili nayo ilikuwa ndogo. Tafiti za aina hii hazithibitishi kuwa hatua pekee ndizo zilizoleta tofauti, lakini zinaonyesha kuwa anayetoka kwenye hatua 2,000 ana faida kubwa ya kupata hata kabla ya kufika 10,000.

Ramani haifichi kitu

Ramani ikishabandikwa ukutani, jambo jingine hujitokeza. Wiki ya kwanza inaweza kuonyesha kwamba kilomita nyingi zimeletwa na mama na dada wa kazi. Baba anayetoka mlangoni hadi kwenye gari, kisha kwenye kiti cha ofisi, ameleta chache. Kijana anayeshinda sebuleni na simu naye yuko nyuma.

Hapo si pa kugombana. Huyo ndiye ambaye mchezo huu unamhitaji zaidi, maana shinikizo la damu laweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Baba anaweza kushuka kituo kimoja kabla, au kuacha bodaboda na kutembea hadi getini. Kijana atumwe dukani. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za michezo na shughuli zinazochangamsha mwili. Kwa watu wazima ni angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa hiyo baadhi ya hatua ziwe za haraka, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Namna ya kuanza

Simu nyingi za kisasa zina programu ya kuhesabu hatua, lakini simu iliyoachwa mezani haihesabu. Iwekwe mfukoni au kwenye mkoba. Asiye na simu ahesabu dakika: dakika 10 za kutembea kwa kasi ni kama hatua 1,000.

Wiki ya kwanza msibadilishe chochote, andikeni tu mnachotembea. Wiki ya pili kila mmoja aongeze hatua 500 au 1,000 kwa siku. Kilomita zijumlishwe pamoja, asiwepo mshindi wala wa mwisho.

Mwenye kisukari avae viatu vinavyomtosha na akague nyayo kila jioni. Mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo, azungumze kwanza na mtoa huduma wa afya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni ishara ya kusimama na kwenda kituo cha afya. Barabarani pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembeeni upande wa kulia mkiyatazama magari yanayokuja.

Kesho asubuhi mama atakwenda tena kituoni na gengeni. Safari hii akirudi, mtoto atakuwa anamsubiri ukutani na kalamu mkononi, amuulize ameleta kilomita ngapi na imebaki mingapi kufika Mpwapwa.