Mkono Uliorudi Haujapona

"Dokta, si bora tukampige hijama kwanza, damu mbaya ishuke kichwani?" Wazazi wa mtaa wa Buyenzi huniuliza kwa neno hilo la hijama, yaani kuumikwa damu, wa vilimani hutaja pembe na wembe, na swali ni lile lile. Mtoto wanayemleta ana selimundu, SS kama wengi wetu Bujumbura tunavyosema. Alikuwa anakula, kijiko kikamponyoka, mkono wa upande mmoja ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakagoma. Robo saa baadaye anacheza kama kawaida. Wazazi wanaamini kuna kitu kimejaa kichwani na kinahitaji kutolewa. Hakuna kilichojaa. Damu haifiki ya kutosha.

Ugonjwa mmoja unaoizuia damu hivyo huitwa moyamoya, jina ambalo madaktari wa Kijapani Suzuki na Takaku walilieneza mwaka 1969. Mishipa mikubwa miwili inayolisha sehemu ya mbele ya ubongo hubana polepole ikishaingia ndani ya fuvu, na mwili hujitetea kwa kuotesha vishipa vingi vyembamba kuzunguka palipobana. Ni ugonjwa adimu, lakini selimundu ni mojawapo ya njia zake zinazojulikana vizuri, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zilizopinda huumiza kuta za mishipa mwaka hadi mwaka.

Sasa tuuangalie wembe. Mtoto mwenye SS kwa kawaida huishi na himoglobini ya gramu 6 hadi 9 kwa desilita, ilhali mwenzake asiye na ugonjwa ana 12 hivi. Damu ikiwa haba, ubongo hujifidia kwa kutanua mishipa ili ipite nyingi zaidi. Kwa mwenye moyamoya mishipa hiyo imekwisha kutanuka mpaka mwisho wake, haina akiba tena. Ukimtoa damu mtoto huyo unamnyang'anya kile kidogo kilichokuwa kikiuweka ubongo wake hai. Halafu kuna kilio. Anayelia kwa nguvu hupumua haraka haraka, hewa ya kaboni hupungua katika damu, na ikipungua mishipa ya ubongo husinyaa. Ndiyo maana mashambulizi haya hupenda kuja mtoto anapolia, anapopuliza uji wa moto, anapopuliza jiko la makaa au puto la sherehe. Kumshika watu wawili na kumchanja kichwani huku anapiga mayowe ni kumwandalia kiharusi, achilia mbali homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinavyoweza kukaa kwenye wembe uliokwisha kutumika.

"Lakini alipochanjwa mkono ulirudi!" Ulirudi, ndiyo. Ungerudi hata mngekaa kimya mkimtazama. Shambulizi la namna hii, kwa tabia yake, huisha lenyewe ndani ya dakika au saa chache, na yeyote aliyekuwepo wakati huo, mganga au jirani mwenye mafuta ya kuchulia, huondoka na sifa. Mkono uliorudi haujapona. Umetoa onyo, na kiharusi kisichorudi kinaweza kufuata kesho au mwezi ujao. Nimechoka kumpokea mtoto katika shambulizi la nne huku alama za wembe zikinihesabia yale matatu ya kwanza.

Wengine hunijia na hoja iliyo bora zaidi: mbona hospitali nazo huwatoa damu wenye SS? Ni kweli, ipo tiba ya kubadilisha damu. Lakini pale kila kinachotoka hufidiwa kwa damu salama iliyopimwa, kwa kipimo kinachojulikana, mgonjwa akifuatiliwa. Bila damu inayoingia, hakuna tiba hapo. Na kwa ndugu zangu Waislamu: wanaofanya hijama kwa elimu humkataa mwenye upungufu wa damu. Dini haikumlazimisha mgonjwa huyu kuchanjwa, kama isivyomlazimisha kufunga Ramadhani katika joto la bonde la Imbo, ambako kiu peke yake inatosha kuleta shambulizi.

Basi fanyeni hivi. Mkono, mguu au maneno yakipotea, hata kwa dakika tano, mlazeni chali na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mkikawia kwa ajili ya kitu chochote mnacheza na ubongo wake. Skana ya kawaida inaweza kuonyesha sehemu ya ubongo iliyokufa isionyeshe mshipa uliobana, kwa hiyo ombeni picha ya mishipa yenyewe, kwa skana yenye dawa ya mshipani au kwa IRM (MRI). Kila mwenye SS wa miaka 2 hadi 16 anastahili doppla ya kichwa, kipimo cha kasi ya damu katika mishipa ya ubongo, mara moja kwa mwaka, hata kama hana dalili: kasi ya damu ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi hukaribia mtoto mmoja kati ya kumi kila mwaka. Utafiti wa Marekani uliotoka 1998 ulionyesha kwamba kuongezewa damu mara kwa mara hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Damu ikiwa adimu, ulizeni dawa ya haidroksiurea. Imejaribiwa kwa watoto Kinshasa, Kilifi na Mbale, matokeo yakachapishwa 2019, na Bugando, Mwanza, imeonekana kuishusha kasi hiyo ya damu. Haifungui mshipa uliokwisha kuziba. Kwa huo upo upasuaji wa kuhamishia mshipa wa ngozi ya kichwa kwenye ubongo. Kabla ya kuuza shamba muulizeni mpasuaji waziwazi ameufanya mara ngapi kwa watoto. Aspirini ni kwa agizo la daktari tu, maana vishipa vile vyembamba vinaweza kupasuka, hasa kwa watu wazima. Msichana akikua asimeze vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, na akishika mimba amwambie daktari tangu wiki za mwanzo. Uji upoe wenyewe mezani. Chupa ya maji iende naye darasani, na mwalimu ajue kwamba mtoto huyu hapewi filimbi wala adhabu ya kukimbia.