Kutoka Ruangwa hadi Olimpiki: ngazi za mkimbiaji wa viunzi na maji

Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji ndizo ndefu kuliko mbio zote za vikwazo katika uwanja wa riadha. Mkimbiaji huvuka viunzi 28 na shimo la maji mara saba. Kiunzi cha wanaume kina kimo cha sentimita 91.4, cha wanawake 76.2. Viunzi vya mbio fupi vikiguswa huanguka. Kiunzi cha mbio hizi kina uzito wa kilo 80 hadi 100, na anayejikwaa huanguka yeye. Ndiyo maana inaruhusiwa kukikanyaga. Penye maji, wengi huweka mguu mmoja juu ya boriti na kujisukuma mbele, watue karibu na ukingo wa pili ambako maji ni kidogo. Anayetua karibu na kiunzi huzama zaidi, na kasi yake hupotea.

Kwa mwanafunzi wa wilaya ya Nachingwea au Ruangwa nchini Tanzania, riadha huanzia shuleni. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huchuja wanamichezo kuanzia shule, kata na wilaya. Kisha watoto wa wilaya hizo mbili hugombea nafasi katika timu moja ya Mkoa wa Lindi inayokwenda fainali za taifa. Hapa anayetangulia ndiye anayepita, hata kama muda wake ni wa kawaida.

Kwenye Olimpiki muda ndio ufunguo. Kufuzu Paris 2024 kulihitaji dakika 8:15.00 kwa wanaume na 9:23.00 kwa wanawake, na kila nchi iliruhusiwa wakimbiaji watatu tu. Nafasi zilizosalia katika 36 zilijazwa kwa orodha ya ubora wa dunia, inayojumlisha muda, nafasi ya kumaliza na hadhi ya shindano. Muda wenyewe lazima upatikane katika shindano linalotambuliwa na Shirikisho la Riadha la Dunia. Hata nafasi ya upendeleo kwa nchi isiyo na aliyefuzu haikuhusu mbio hizi. Mkimbiaji akishafika, nafasi ya kumaliza ndiyo huamua tena: Paris, watano wa kwanza wa kila mchujo kati ya mitatu waliingia fainali.

Tanzania imewahi kufika huko. Moscow mwaka 1980, Filbert Bayi aliongoza fainali hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Bayi alipata medali ya fedha kwa dakika 8:12.48, moja ya medali mbili pekee za Olimpiki za nchi hii. Jirani pia amefika: mwaka 2021 Peruth Chemutai wa Uganda alitwaa dhahabu ya wanawake ya mbio hizi mjini Tokyo.

Kati ya ushindi wa mkoa na muda wa dunia kuna pengo. Kijana wa Lindi hulivuka akipata mambo mawili mapema: kiunzi kizito na shimo la maji vya kujifunzia, na mbio zinazotambuliwa ambamo muda wake utahesabiwa.