Kapteni Aliyeandika Habari za Mbingu

Miongoni mwa watu waliokabidhiwa na serikali zao kazi ya kuchunguza maajabu ya angani, hapana, kwa maoni yangu, astahiliye kukumbukwa kwa heshima zaidi ya Kapteni Edward J. Ruppelt wa Jeshi la Anga la Marekani, ambaye, baada ya kuhudumu katika ndege za mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipewa mwaka 1951, huko Dayton, Ohio, majalada ya taarifa za maajabu hayo, ambayo wengi kabla yake walikuwa wakiyadharau.

Yeye hakudharau, wala hakusadiki kwa pupa. Jina la “visahani virukavyo” hakuliridhia, akaviita “vyombo virukavyo visivyotambulika”. Kisha akaeneza hojaji, iliyotungwa kwa msaada wa wataalamu wa chuo kikuu, iliyomtaka shahidi achore alichokiona, na aseme kama ukubwa wake ulikuwa sawa na kichwa cha pini, punje ya njegere au sarafu iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Huo ndio uadilifu: kumstahi msemaji na kuupima usemi wake.

Alipokwisha acha jeshi alitoa kitabu mwaka 1956, akisimulia bila kificho hata ule msukosuko wa Julai 1952, rada za Washington zilipoonyesha alama za ajabu. Toleo la mwaka 1960 liliongezwa milango mitatu yenye kukanusha habari za vyombo hivyo. Wapo waliodai kwamba alishurutishwa, bali mimi naona mtu aweza kubadili rai yake kwa hiari. Septemba mwaka uo huo alifariki kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka 37.