Mwalimu, Kishikwambi na Mtoto Asiye na Simu



Walimu ni wengi katika maparokia yetu, na baada ya Misa mazungumzo yao mara nyingi hurudi kwenye jambo lile lile. Tangu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vipelekwe kwa walimu, swali si tena kama teknolojia iingie darasani. Imekwisha kuingia. Mwalimu anajiuliza afanye nini akiwa na kishikwambi kimoja, wanafunzi sitini mbele yake, na kifurushi cha intaneti alichokinunua kwa fedha yake mwenyewe. Wazazi nao wanajiuliza kama simu itamsaidia mtoto au itampotosha. Maswali hayo mawili yanahusiana kuliko tunavyodhani.

Inafaa tukumbuke kwamba taifa hili lilikwisha kufundisha kwa chombo cha mbali kabla intaneti haijajulikana. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kusafisha mazingira ya kisima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Anayeshiriki Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo atautambua utaratibu huo mara moja: kusikiliza, kutafakari pamoja, kutenda. Redio ilileta sauti kutoka mbali, lakini maarifa yalishuka mikononi mwa watu kwa sababu ya kikundi na yule aliyekiongoza.

Jaribio la karibu zaidi na nyakati zetu lilifanyika mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji vya mbali, vikiwa na programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa takribani nusu. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi wa pamoja Mei 2019.

Hapa tukae kidogo, kwa maana matokeo haya husomwa kwa haraka. Mtoto ambaye hakuwa na chochote akipewa programu nzuri kwa lugha anayoielewa, atapata kitu, na hilo si jambo dogo. Lakini nusu nyingine, baada ya zaidi ya mwaka mzima na kifaa mkononi, bado haikuweza kusoma neno. Nani atamtambua mtoto huyo, amsogelee, agundue kwamba haoni vizuri, au ana njaa, au nyumbani huzungumza Cigogo au Kisandawe na maneno ya Kiswahili bado ni mageni kwake? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba shule ya Kikatoliki hutegemea zaidi walimu wake ili ifikie malengo yake. Tanga imetupa sababu ya kuyasoma tena mafundisho hayo.

Basi mwalimu aanzie wapi? Kwa maoni yangu asianze na programu. Aanze na somo ambalo kila mwaka linamshinda kulifundisha kwa chaki peke yake. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Fizikia huko Kongwa au Mpwapwa, ambaye shule yake haina maabara ya kutosha na anatakiwa kufundisha mkondo wa umeme. Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia. Mradi huo hutoa bure majaribio ya kisayansi ya kwenye kioo. Mwanafunzi anaunganisha betri, nyaya na balbu. Akikosea, anaona moto ukiwaka bila kuungua mtu. Majaribio hayo yanaweza kupakuliwa mjini siku moja na kutumika kijijini bila intaneti.

Kishikwambi ni kimoja na wanafunzi ni sitini, hivyo kazi kubwa inabaki kwa mwalimu. Kabla hajagusa kioo, kila kikundi kichore daftarini kinachodhani kitatokea: balbu ya pili itang'aa sawa na ya kwanza, au itafifia? Ndipo kikundi kimoja kimoja kije kuona. Mtoto aliyekwisha kutoa neno lake kwenye karatasi hutazama kwa namna nyingine kabisa. Bila hatua hiyo, watakuwa wameangalia sinema.

Kwa vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na ni vema mwalimu aanzie hapo kabla ya kwenda mbali, kwa kuwa vinafuata mtaala wetu. Ipo pia programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti: masomo huhifadhiwa katika kompyuta moja, na vifaa vingine vilivyo karibu huyasoma kutoka humo. Masomo mengi ya aina hii ni ya Kiingereza. Sekondari yanafaa, kwa shule ya msingi, mwalimu achague ya Kiswahili, kama vile vipindi vya Ubongo Kids vinavyorushwa tangu mwaka 2014.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Imezuka desturi ya kutuma kazi za nyumbani katika kundi la wazazi la WhatsApp. Nia ni njema. Lakini mzazi mwenye simu ya kitochi haioni kazi hiyo, na kesho yake mtoto wake husimamishwa pamoja na wavivu. Tuliona mwanzo wa jambo hili shule zilipofungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020 hadi madarasa yote yalipofunguliwa tena tarehe 29 Juni: vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni, ila kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna hata redio, masomo yalisimama. Mafundisho jamii ya Kanisa yanatutaka kuanza na maskini. Darasani maana yake ni hii: kazi yoyote yenye alama iandikwe ubaoni kwanza, na simu iwe ya kukumbusha tu.

Wazazi nao wajue haki yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda pia taarifa za watoto. Picha ya mtoto na matokeo yake ya mtihani si vitu vya kusambazwa ovyo katika makundi ya simu, hata kama amefanya vizuri.

Kuhusu akili mnemba nitasema kwa ufupi. Hati ya Vatikani iitwayo Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inakubali kwamba chombo hiki chaweza kusaidia elimu, lakini inaonya kisije kikampokonya mwanafunzi kazi ya kufikiri mwenyewe, wala uhusiano wake hai na mwalimu. Mwalimu anaweza kukitumia kutunga maswali ya mazoezi, mradi ayahakiki yote, kwa sababu hukosea kwa ujasiri mkubwa.

Parokia zetu zinaweza kuchangia bila gharama kubwa. Kumbi nyingi za parokia zina umeme na hukaa tupu Jumamosi mchana. Halmashauri ya parokia ikikubaliana na walimu waumini, kompyuta moja yenye masomo yaliyokwisha kupakuliwa inaweza kuwekwa humo kwa ajili ya watoto wa dini zote, hasa wale wasio na simu nyumbani, huku mwalimu mmoja akiketi nao kwa zamu. Walimu walio tayari wazungumze na paroko wao kabla ya likizo ya Juni, ili zamu zipangwe mapema.