Kisima cha Nyumbani Chini ya Mlima Meru

Mwenye kiwanja katika Moshono, Njiro, Olasiti au Muriet, jijini Arusha, akiisha kuezeka nyumba yake na kuchoshwa na kungoja zamu ya mgawo au kununua maji ya boza, aghalabu huazimia kuchimba kisima kirefu ndani ya ua wake mwenyewe, ili aila yake isilale tena na ndoo tupu. Azma hiyo ni njema, maana maji ni msingi wa siha, unadhifu na heshima ya nyumba. Walakini nchi iliyotandaa chini ya Mlima Meru ina tabia yake, na asiyeijua huweza kulipa fedha nyingi kwa kila mita ya kina, akashangilia maji yaliyoruka juu siku ya kuchimba, kisha akawanywesha watoto wake dhara lisiloonekana kwa jicho wala kutambulikana kwa pua au ulimi. Kwa hiyo katika Arusha kuuliza kama maji yapo ni nusu ya swali. Nusu iliyo kubwa zaidi ni kuuliza yamepita wapi na yamebeba nini.

Meru, mlima wenye kimo cha mita 4,566, ni volkano iliyotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na katika zama za kale ubavu wake wa mashariki ulimeguka, ukamwaga matope na majabali katika nyanda za Momella na kuendelea upande wa Kilimanjaro. Pande zake za kusini na mashariki hupata mvua nyingi ziletwazo na pepo za Bahari ya Hindi, ilhali pande za magharibi na kaskazini, kama vile Oldonyo Sambu, hukaa katika ukame. Mvua inyeshayo juu ya msitu huzama katika majivu, changarawe na nyufa za lava iliyoganda. Nyingine hububujika chemchemini na kuwa mito kama Themi, Naura na Burka, na nyingine huendelea na mwendo wake chini ya ardhi. Mito hiyo huishia katika Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyafikisha maji baharini, kwenye mji wenye jina lile lile.

Katika mwendo huo wa chini ya ardhi ndimo sifa ya maji hubadilika. Mawe ya Meru, kama ya volkano nyingi za Bonde la Ufa, yana floraidi nyingi na kalisi kidogo. Na kwa kuwa kalisi ndiyo ambayo ingeishika floraidi na kuigandisha, upungufu wake huiacha floraidi ikae majini bila ya kizuizi. Chemchemi ya juu mlimani, ambayo maji yake hayajakaa sana na mawe, aghalabu huwa na kiasi kidogo. Maji yashukapo tambarare, yakakawia katika miamba na jua likayapunguza, kiasi hicho huzidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kisipite miligramu 1.5 katika lita moja, na Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilistahimili hadi miligramu 4 kwa sababu ya dhiki ya maji, ilikishusha kiwango chake hadi 1.5 mwaka 2018. Katika mto wa Ngare Nanyuki wataalamu wamepata kupima zaidi ya miligramu 20, na katika maziwa ya Momella hesabu hufika mamia. Tena visima viwili vilivyo karibu huweza kutofautiana, kwa kuwa kimoja kimekutana na tabaka la majivu na kingine na ufa wa lava. Basi cheti cha maji ya jirani hakiwezi kuwa dhamana ya maji yako.

Floraidi kidogo huyaimarisha meno, lakini ikizidi humdhuru mtoto wakati meno yake ya ukubwani yanapojijenga ndani ya ufizi, hasa kabla hajatimiza miaka minane, nayo yakiota huwa na madoa ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki. Anayedumu kunywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kupatwa na maradhi ya mifupa, viungo vyake vikakakamaa, na miguu ya watoto huweza kupinda. Wako watu wa Arumeru ambao wamesimangwa ugenini kwa rangi ya meno yao, kana kwamba ni wavivu wa kupiga mswaki, hali hawana taksiri yoyote ila kuzaliwa penye maji ya namna hiyo. Msiba huu si wa Meru peke yake. Katika Colorado Springs, Marekani, tabibu wa meno Frederick McKay, aliyefika huko mwaka 1901, aliyastaajabia madoa ya jinsi hii katika vinywa vya wenyeji, akayafuatilia kwa takriban miaka thelathini, mpaka mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipobainisha kwamba sababu yake ilikuwa floraidi ndani ya maji. Elimu iliyowagharimu wengine umri mzima sisi tunaipata tayari, na kuiacha kando ni kujidhulumu.

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inayahesabu maji yote, ya juu na ya chini ya ardhi, kuwa amana ya umma mikononi mwa dola. Hati ya kiwanja haimfanyi mtu kuwa mmiliki wa maji yapitayo chini yake. Mwenye nia ya kuchimba kisima kirefu huomba kibali katika Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, na humtafuta mchimbaji mwenye leseni ya Wizara ya Maji. Kabla ya mashine kuletwa, mtaalamu hupitisha umeme ardhini kwa vijiti vya chuma na kupima jinsi kila tabaka linavyoupinga, kwa maana mwamba mkavu huupinga zaidi kuliko uliolowa. Kwa njia hiyo hukadiria mahali pa kuchimba na kina chake, ila floraidi hawezi kuiona.

Mashine huupasua mwamba kwa nyundo iendeshwayo na hewa ya kompresa, na katika mawe haya kina cha mita 100 na zaidi si ajabu. Shimo likiisha hushushwa mabomba ya plastiki, na yale yanayokabili tabaka la maji huwa na matundu membamba. Nje yake humwagwa changarawe safi ya kuzuia mchanga, na sehemu ya juu huzibwa kwa saruji ili uchafu wa uani na wa vyoo usipenye. Kisha kisima husafishwa kwa hewa mpaka tope liishe, ndipo maji huvutwa kwa pampu saa nyingi mfululizo, huku ikiangaliwa jinsi kina chake kinavyoshuka na kurejea. Mwenye nyumba asitaharuki akiambiwa kisima chake hutoa lita 1,000 tu kwa saa, kwani kiasi hicho hulijaza tangi la lita 5,000 kwa saa tano. Balaa ni kufunga pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima, ikavuta hewa na kuungua. Fundi mwaminifu huandika kila tabaka alilolipita, na taarifa hiyo itunzwe pamoja na hati ya nyumba.

Baada ya hayo yote, na kabla ya kikombe cha kwanza, maji yapelekwe maabara katika chupa safi ya plastiki, yapimwe floraidi, chumvi na vijidudu, kisha yapimwe tena katika msimu mwingine. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya kuchimba, lakini wengi huikwepa, wakaridhika na kuyatazama maji katika bilauri. Wengine hudhani kuchemsha kutawaokoa, ilhali kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi hubaki, tena huzidi kukolea kadiri mvuke unavyotoka.

Ikidhihirika kwamba floraidi imezidi, kisima hakijawa bure. Maji yake yafue nguo, yaoshe vyombo na kujenga. Ya kunywa na ya kupikia, ambayo ni machache kwa siku, yatafutiwe njia yake. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika miaka mingi na chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo huinasa floraidi, mradi ibadilishwe inapochoka. Katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, Dakta Askwar Hilonga alibuni chujio ambalo mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Na iliyo karibu kuliko zote ni mvua yenyewe, ambayo haina floraidi ya kutisha: bati safi, mifereji ya bati na tangi lililofunikwa huweza kuitunzia aila maji ya kunywa kwa muda mrefu baada ya masika. Fauka ya hayo, magadi ya kulainishia maharage na makande yatumiwe kwa hadhari, kwani nayo huweza kuwa na floraidi.

Wako watu wema wanaochimba visima penye misikiti, makanisa na shule, na katika Uislamu kisima ni miongoni mwa sadaka jaria, ambazo thawabu zake humfuata mtoaji hata baada ya kufa. Wajibu wa kupima huwa mkubwa zaidi kwa mtoaji huyo, kwa kuwa yeye huwanywesha watoto asiowajua, ambao hawana njia ya kumuuliza. Vivyo hivyo kwa jirani: Wameru na Waarusha tangu zamani waligawana maji ya mifereji kwa zamu, na wote waliona nani anachukua na kiasi gani; kisima kirefu kimeficha uchukuaji huo chini ya ardhi, lakini maji yamebaki yale yale ya wote. Mwenye kuchimba kwa kibali, akavuta kwa kiasi, akapima kabla ya kunywa na kuwaambia majirani bila ya kuficha alichokipata maabara, ametimiza haki ya nyumba yake na haki ya mtaa wake.