Tarakilishi Inapogoma Baada ya Kusasishwa

Kitenzi "kusasisha" kimejengwa juu ya neno "sasa". Kusasisha programu ni kuifanya iwe ya sasa: kuziba mianya ya usalama, kurekebisha makosa ya zamani na kuongeza uwezo mpya. Hata hivyo, wengi wetu tumewahi kuamka asubuhi na kukuta mashine iliyokuwa nzima jana imekuwa nzito, haitoi sauti, haiitambui printa, au, jambo linalotisha kuliko yote, faili hazionekani. Makala haya yanaeleza namna ya kuichunguza tarakilishi ya nyumbani inapofikia hali hiyo, hasa ile inayotumia Windows.

Kwanza tuelewe chanzo. Kila kifaa kilichounganishwa na tarakilishi kina programu ndogo iitwayo draiva. Draiva ni kama mkalimani kati ya kifaa na mfumo wa uendeshaji. Mfumo ukibadilika na mkalimani akabaki na msamiati wa zamani, mazungumzo hukatika: printa ni nzima, tarakilishi ni nzima, ila hazielewani. Chanzo cha pili tunakijua vizuri katika mazingira yetu, nacho ni umeme kukatika katikati ya kazi. Sasisho lililoishia njiani linaweza kuacha baadhi ya mafaili yakiwa mapya na mengine yakiwa ya zamani. Kwa hiyo anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na betri asianze kusasisha wakati umeme unasitasita.

Sasa tuchukue mfano wa mwanafunzi anayeandika tasnifu. Anawasha tarakilishi baada ya sasisho na kukuta eneo-kazi tupu, bila folda hata moja. Wengi hapo huanza kuandika upya, au humwita fundi wa kusakinisha Windows tangu mwanzo. Hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu kusakinisha upya kunaweza kufuta kile ambacho kilikuwa bado kipo. Februari 2020, sasisho moja la Windows 10 liliwaingiza baadhi ya watumiaji katika akaunti ya muda badala ya akaunti zao. Walidhani wamepoteza kila kitu, kumbe folda zao zilikuwa zimebadilishwa jina tu, nazo zilikuwa bado ndani ya folda ya watumiaji katika diski C. Baadhi yao walizirudisha kwa kuiwasha upya mashine mara kadhaa. Tazama kwanza kabla ya kutenda.

Uchunguzi wenyewe ufuate utaratibu huu:

1. Andika kwenye karatasi ujumbe wa kosa kama ulivyo, pamoja na tarehe tatizo lilipoanza. Kisha jiulize: ni nini kilichobadilika mwisho? Orodha ya masasisho yaliyosakinishwa, pamoja na tarehe zake, imo katika mipangilio ya Windows.

2. Iwashe upya mashine. Kuzima na kuwasha si sawa na kuwasha upya. Katika Windows za karibuni, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili mashine iwake haraka, hivyo hitilafu inaweza kurudi nayo. Kama tatizo ni uzito tu, ipe muda, kwani baada ya sasisho kubwa mashine huendelea na kazi za ndani kwa saa kadhaa.

3. Kama kifaa kimoja tu ndicho kinachogoma, shughulikia draiva yake: irudishe ya awali, au pakua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa.

4. Kama mashine nzima inayumba, iwashe katika hali salama. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya amri ya kuwasha upya, kisha fuata maelekezo. Katika hali hii ni programu na draiva za lazima tu zinazofanya kazi. Mashine ikitulia hapo, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kasoro iko katika programu au draiva iliyoongezwa.

5. Ikishindikana, sanidua sasisho la mwisho. Kwa sasisho kubwa linaloleta toleo jipya, Windows kwa kawaida hukupa siku 10 za kurudi kwenye toleo la awali.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya wala ni lipi lililoongeza maradhi.

Je, si afadhali kuacha kusasisha kabisa? Hapana. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya mmoja wa usalama. Mwezi Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vilipita katika mwanya huo na kufunga faili za mashine nyingi duniani ambazo hazikuwa zimesasishwa, zikiwemo za hospitali za Uingereza.

Dawa ya kweli ni nakala. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha toleo jipya la Windows 10 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa lilifuta kabisa nyaraka za baadhi ya watumiaji. Safari hiyo, kuwasha upya hakukutosha. Aliyekuwa na nakala kwenye flashi au diski ya nje alikuwa na pa kuanzia. Basi, kabla ya kuruhusu sasisho lijalo, nakili tasnifu, maswali ya mtihani na alama za wanafunzi mahali pengine, kisha uifungue nakala hiyo kuhakikisha kwamba inasomeka. Tahadhari kabla ya hatari.