Pumzika Upate Nguvu: Somo Kutoka Jangwani

Hebu fikiria hivi. Umeweka akiba mwaka mzima. Umesafiri maelfu ya kilometa hadi jangwani, na una wiki tatu tu za kucheza mchezo unaoupenda kuliko yote. Je, utakubali kukaa siku ngapi bila kucheza?

Najua wengi mtasema, "Hata moja!" Lakini wazoefu wa mchezo huu hupumzika theluthi moja ya siku zao, na wengine hata nusu. Wavivu? Hapana. Wanaujua mwili unavyofanya kazi. Twende tukawaone.

Mchezo gani huo?

Ni kukwea majabali bila kamba. Ukiwahi kufika Mwanza umeyaona majabali makubwa yaliyopangana kama yamewekwa na mtu. Sasa chukulia jabali la mita tatu, nne au tano. Mkweaji anapanda kwa vidole na ncha za viatu tu. Chini huwekwa magodoro mazito ya kudakia, na wenzake husimama mikono juu ili akianguka wamwelekeze kwenye godoro, asitue kwa kichwa au mgongo.

Mahali mashuhuri kwa mchezo huu ni Hueco Tanks, jimbo la Texas, Marekani, kama kilometa 50 kutoka mji wa El Paso, katika jangwa la Chihuahua. "Hueco" ni neno la Kihispania, maana yake shimo au uwazi. Miamba ya hapo imejaa mashimo yanayohifadhi maji ya mvua, na ndiyo maana watu wameishi hapo tangu zamani sana. Waliacha michoro mingi mawenini, ikiwemo zaidi ya 200 ya vinyago vya nyuso. Ili michoro isiharibiwe, sehemu ambayo wageni huruhusiwa kutembea bila kiongozi hupokea watu 70 tu kwa wakati mmoja.

Hata ngazi za ugumu zinazotumiwa na wakweaji wengi duniani, kuanzia V0 kwenda juu, zilianzia hapa. Herufi V imetokana na jina la utani la John Sherman, mkweaji aliyeandika kitabu cha mwongozo wa Hueco Tanks.

Kwa nini wapumzike?

Watu wengi hudhani nguvu inaongezeka wakati wa mazoezi. Si kweli! Wakati wa mazoezi misuli inachanika vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Inajengwa upya, tena imara zaidi, unapopumzika, unapokula na unapolala. Kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Ukirudi mapema mno unabomoa nyumba kabla saruji haijakauka.

Kuna jambo jingine. Misuli inapata damu nyingi, lakini kano, yaani zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, hupata damu kidogo. Kwa hiyo huimarika polepole. Unaweza kuwa na misuli ya simba na kano za kuku! Vidoleni kano hushikiliwa karibu na mfupa na vifungo vidogo kama pete. Kifungo kikikatika, mara nyingine husikika mlio kama kijiti kinavunjika, na hapo safari imekwisha.

Wewe uliye bado kwenye kukua uko hatarini zaidi. Mifupa yako ina sehemu laini karibu na viungo, ambapo ndipo inapokulia. Mzigo mkubwa kila siku unaweza kuivunja polepole. Maumivu ya kidole, goti au kisigino yasiyoisha si ya "kujikaza". Ni ya kumwona daktari.

Siku ya mapumziko wanafanya nini?

Hawalali mchana kutwa. Wengi hupanda gari kwenda White Sands, jimbo la New Mexico. Hapo kuna vilima vya mchanga mweupe pee, vilivyoenea zaidi ya kilometa za mraba 700. Mchanga wenyewe ni jasi, madini yaleyale ya chaki na ya plasta ya kufungia mfupa uliovunjika. Hauchomi sana hata jua likiwaka, kwa hiyo watu hutembea peku. Miguu inafanya kazi nyepesi, damu inazunguka, na vidole vimelala.

Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba nyayo za binadamu zilizokutwa hapo zina umri wa miaka 21,000 hadi 23,000. Nyingi ni za vijana wa rika lako na watoto.

Lakini jangwa halina mchezo. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, hivyo unaweza kuishiwa maji bila kujua. Dalili ni mkojo wa rangi nzito, kichwa kuuma na kizunguzungu. Usingoje kiu, kunywa kidogo kidogo. Nenda na koti pia, maana majira ya baridi, ambayo ndiyo msimu wa kukwea, usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 0.

Yalinikuta mimi

Nilipokuwa kidato cha sita nilicheza mpira wa wavu siku nne mfululizo huku kidole cha mkono wa kulia kimevimba. Mwalimu wa michezo akasema, "Jikaze!" Nami nikajikaza, nikaogopa kuitwa legelege. Mtihani wa mwisho niliuandika kalamu ikiniponyoka, karatasi moja sikuimaliza. Hadi leo kidole hicho hakikunjiki sawasawa. Siku mbili za kupumzika zingetosha kuniokoa.

Kumbuka

- Baada ya siku moja au mbili za mazoezi makali, pumzika siku moja.
- Lala saa 8 hadi 10. Umri wako unahitaji hivyo.
- Kula maharage, dagaa au mayai. Ndiyo matofali ya misuli.
- Siku ya mapumziko tembea, ogelea kidogo, tembelea mahali usipopajua.
- Maumivu yakizidi wiki moja, nenda kituo cha afya.

Na wewe unayekesha kusoma wiki nzima kabla ya mtihani, somo ni lilelile. Ubongo nao hupanga uliyosoma wakati umelala.

Jadilini na wenzako: Je, shuleni kwenu anayesema "nimeumia, leo sichezi" anasikilizwa au anachekwa? Mkiwa wa kucheka, anzeni leo kusikiliza. Kazi kwenu!